Jinsi ya kupukuchua mahindi kwa mashine ya trekta bila mtu kuumia

Kila msimu wa mavuno huzunguka vijiji vya Kongwa na Kiteto nikipukuchua mahindi kwa mashine inayoendeshwa na trekta, na kinachonitia hofu kuliko vyote ni shafti ya PTO, ile inayotoka nyuma ya trekta kuizungusha mashine. Kwa mwendo wake wa kawaida wa mizunguko 540 kwa dakika, hugeuka mara 9 kila sekunde, kiasi kwamba kanga ikinaswa humezwa kabla aliyeivaa hajapiga kelele.

Hatua ya kwanza, injini ikiwa imezimwa, kagua kifuniko cha plastiki cha shafti. Kiwe kizima mwanzo hadi mwisho, na minyororo yake ifungwe ili kitulie shafti inapozunguka ndani yake. Kikipasuka, kibadilishe, gunia lililofungwa kwa waya halifai, kwani lenyewe hunaswa.

Hatua ya pili, egesha trekta kwenye tambarare, vuta breki ya mkono, kisha tandika turubai mahali ambapo hakuna atakayelazimika kupita kati ya trekta na mashine. Wanaolisha mashine wasivae kanga, kilemba wala sweta linaloning'inia, na mtu mzima mmoja apewe kazi ya kuwazuia watoto wanaokuja kuokota punje.

Hatua ya tatu ndiyo inayoumiza wengi. Mahindi yasipokauka vizuri mashine huziba, na kwa kuwa tunalipwa kwa gunia, kila mtu hutaka izibuliwe haraka. Toa PTO kwenye gia ili shafti isiendeshwe tena, zima injini, chomoa ufunguo na uutie mfukoni mwako mwenyewe, kisha usubiri, maana ngoma ya ndani ni nzito na huendelea kuzunguka injini ikiwa imeshazimika. Msimu mmoja utingo wangu alikuwa akizibua magunzi kwa mkono, mtu mwingine akawasha trekta akidhani tumemaliza. Kijana alinusurika kwa sababu tu alikuwa ameutoa mkono kufuta jasho. Tangu siku hiyo ufunguo wangu hauguswi na mtu.

Nguo ya mtu ikinaswa, kimbilia kuzima injini kwanza. Usimvute mashine ikiwa inazunguka.

Kazi ikiisha, fungua shafti kabla ya kuhama, na usimpakie mtu kwenye madigadi wala juu ya mashine. Utingo wangu hufuata kwa bodaboda, nauli nalipa mimi.