Kuomba kutambuliwa kama mtoa mafunzo endelevu ya meno: somo, na maswali ya wanachama

Wenzangu wa meno, salaam kutoka Arua.

Swali hili nimeletewa na wengi, basi nimeona niliandike mara moja. Ukitaka kufundisha madaktari wa meno na maafisa wa meno, na saa za darasa lako zihesabiwe kuwa pointi wakati wa kulipia leseni ya mwaka, unaanzia wapi? Njia hii nimeipita mara mbili. Mara ya kwanza faili langu lilirudi. Mara ya pili likapita. Fomu ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni vile tulivyokuwa tukiendesha mafunzo yenyewe miezi yote iliyotangulia. Kwa hiyo somo hili litaizungumzia fomu kidogo tu.

Jua unayemwomba, na unachoomba

Uganda tuna mabaraza mawili yanayotuhusu, yote yakiwa na sheria za mwaka 1996. Daktari wa meno mwenye shahada yuko chini ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, lile tunaloliita UMDPC. Afisa wa meno mwenye diploma, yule anayeng'oa na kuziba meno kwenye kituo cha afya cha ngazi ya nne, yuko chini ya Baraza la Wataalamu Shirikishi wa Afya. Huku kwetu darasa la watu thelathini lina madaktari watatu au wanne, waliobaki wote ni maafisa. Ukiandikia baraza moja tu, umewaita watu watumie nauli kutoka Yumbe na Moyo kufuata pointi ambazo huenda zisihesabiwe. Andikia yote mawili, na kwenye tangazo useme wazi pointi ni za nani.

Kuna wanaouliza habari za CERP. Huo ni mpango wa Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani, ulioanza mwaka 1993, na tangu 2014 uamuzi wa nani atambuliwe uko mikononi mwa tume maalumu yenye makao Chicago. CERP humtambua mtoa mafunzo. Haiidhinishi somo mojamoja wala mkufunzi, na inasema wazi kwamba kutambuliwa kwako hakulazimishi baraza lolote kuzikubali saa zako. Kwa wengi wetu hapa hakuna haja ya kuanzia huko. Lakini vigezo vyake viko wazi kwa kila mtu, na mimi nimevitumia kama kalibu: jinsi ya kujua mahitaji, malengo, tathmini, mgongano wa maslahi, wakufunzi, ukumbi, fedha, matangazo, ulinzi wa mgonjwa, kumbukumbu. Faili lililofinyangwa kwa kalibu hiyo halimtishi mkaguzi yeyote, awe wa Kampala au wa ng'ambo.

Hatua ya kwanza: fundisha kwanza, omba baadaye

CERP inataka mwombaji awe amekwisha kuendesha mpango wa mafunzo kwa angalau miezi 12. Naona ni kanuni ya busara hata pale ambapo hakuna anayekudai hivyo. Faili halitungwi usiku mmoja kabla ya kulipeleka. Anza na vipindi vidogo, hata viwili kwa robo mwaka, na kila kipindi kiwe na bahasha yake: jinsi mada ilivyopatikana, malengo, ratiba yenye saa, wasifu wa mkufunzi na tamko lake la maslahi, karatasi ya mahudhurio, tathmini, hesabu ya fedha. Ukifika mwaka, faili lako limeshajiandika lenyewe.

Hatua ya pili: mada itoke kwa wagonjwa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi wetu tunapoharibu. Mkufunzi anapenda vipandikizi vya meno, basi somo linakuwa vipandikizi. Darasani wamekaa watu ambao kiti chao cha meno hakiinami na taa yake iliungua mwaka juzi.

Sisi tuliomba ruhusa tukafungua rejesta za wagonjwa wa meno katika vituo vitatu, miezi sita kila kimoja, bila kunakili jina la mtu. Nilisoma safu ya matibabu kwa kidole, mstari kwa mstari: kung'oa, kung'oa, kung'oa, dawa ya maumivu, kung'oa. Kurasa nne ndipo nikaona kuziba jino, mara moja. Tulipowauliza maafisa wenyewe, hakuna aliyesema hajui kuziba. Walisema umeme hukatika na mashine ya kutobolea hailii. Mada ikajitokeza yenyewe: kusafisha tundu kwa vifaa vya mkono na kuziba kwa simenti ya glasi ionoma, kazi isiyohitaji umeme.

Kwenye rejesta hizohizo tukaona watoto wachanga walioletwa na damu au usaha wa fizi. Nyuma yake ilikuwa ebinyo, ile desturi ya kuchokonoa fizi za mtoto na kutoa vichipukizi vya meno ya chonge kwa imani kwamba ndivyo vinavyoleta homa na kuhara. Majirani wa Tanzania huita meno ya plastiki. Hilo likawa somo la pili. Muhtasari wa rejesta, kurasa mbili tu, ndio uliokuwa karatasi ya kwanza katika faili langu la pili.

Hatua ya tatu: malengo yanayoweza kupimwa

"Mshiriki ataelewa ebinyo" ni lengo ambalo hakuna awezaye kulipima. Tuliandika hivi: baada ya somo, mshiriki ataweza kumweleza mama wa mtoto wa miezi sita, kwa dakika tano na kwa lugha ya nyumbani, ule uvimbe mweupe wa fizi ni nini, na ataweza kumtambua mtoto anayehitaji rufaa siku hiyohiyo. Lengo likishakaa hivyo, tathmini haikusumbui tena. Unawaweka wawili wawili, mmoja mama, mmoja afisa, na unasikiliza.

Hatua ya nne: fedha na maslahi

Faili langu la kwanza lilirudi kwa sababu hii, nami nalisema wazi ili lisimkute mwingine. Kampuni moja ya vifaa ilijitolea kulipia ukumbi na chakula. Nilishukuru. Halafu ikaleta mkufunzi wake, mtu mwenye ujuzi kweli, na picha alizoangaza ukutani wakati wa somo zilikuwa na alama ya kampuni kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Katika saa tatu hakutaja bidhaa ya mtu mwingine hata mara moja. Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele na sikuliona hilo. Mkaguzi aliliona kwenye nakala niliyoambatisha mwenyewe.

Siku hizi mfadhili anasaini mkataba wa ukurasa mmoja kabla hatujapokea shilingi: mada, mkufunzi na maudhui tunachagua sisi, na fedha zinaingia kwenye akaunti ya taasisi. Kila mkufunzi anajaza tamko kama analipwa na kampuni yoyote, na tamko hilo linasomwa mbele ya darasa kabla hajaanza. Bidhaa inatajwa kwa jina la kitaalamu. Jina la biashara likilazimika kutajwa, basi yatajwe mawili au matatu.

Hatua ya tano: saa na mahudhurio

Saa moja ya kufundishwa ni pointi moja kwa hesabu ya CERP. Hapa kwetu fuata jedwali la baraza lako. Popote pale, chai, chakula cha mchana, sala ya ufunguzi na hotuba ya mgeni rasmi si mafunzo. Siku iliyoanza saa tatu asubuhi ikaisha saa kumi na moja jioni inaweza kuwa na saa tano tu za kweli. Andika tano.

Karatasi ya mahudhurio isainiwe mara mbili, asubuhi na baada ya chakula. Niliwahi kushika karatasi yenye majina kumi na moja yaliyofuatana, wino wa bluu uleule, herufi "y" zote zenye mkia uleule uliopinda kushoto. Niliyafuta yote kumi na moja. Wenye majina walinipigia simu kwa hasira, na wawili hawajaniamkia tena mpaka leo. Lakini pointi ni kiapo: mgonjwa anayeketi kwenye kiti anaamini leseni ile ukutani.

Zilizobaki, kwa ufupi

Unda kamati ndogo ya ushauri, iwe na watu wa aina unayowafundisha na angalau mmoja asiyehusika na uendeshaji wako. Tangazo liwe na mada, malengo, jina na sifa za mkufunzi, saa, ada, na utaratibu wa kurudisha fedha mtu akishindwa kuja. Andika nani anawajibika kwa mafunzo haya, kwa jina na cheo. Vyeti viwe na namba na nakala zake zitunzwe mahali pawili. Kisha ndipo ujaze fomu.

Jambo moja zaidi kuhusu tathmini. Karatasi ya mwisho wa siku inayouliza "umefurahia?" itakuambia chakula kilikuwa kitamu. Sisi tunapiga simu baada ya miezi mitatu. Afisa mmoja aliniambia, "Mwalimu, mikono yangu inajua, lakini simenti haipo stoo." Somo lililofuata tukaongeza nusu saa ya jinsi ya kukadiria na kuandika oda ya vifaa. Kumbukumbu ya simu ile na ratiba iliyobadilishwa viko kwenye faili, vimebanwa pamoja.

MASWALI YA WANACHAMA

*Afisa wa meno, Koboko:* Mwalimu, sisi ni maafisa kumi na wawili, tunakutana kila mwezi kusomeshana. Je, tunaweza kuomba kama kikundi?

Hongereni, ndugu zangu. Kikundi kisicho na ofisi wala mwenye kuwajibika kitapata shida, kwa sababu baraza linataka kujua litamwandikia nani mambo yakiharibika. Jiungeni na taasisi iliyokwisha kutambuliwa, hospitali au chama, muandae kwa pamoja. Ila isiwe kukopa jina. Taasisi hiyo lazima ishiriki kupanga, ione malengo, itunze kumbukumbu na ibebe dhamana yote. Ikiwaambia "fanyeni tu, mhuri mtaukuta", tafuteni nyingine.

*Daktari wa meno, Jinja:* Kampuni ikitaka kuweka meza ya bidhaa zake siku ya mafunzo, nikatae?

Usikatae, daktari. Meza ikae nje ya chumba cha darasa, na mauzo yasifanyike wakati wa somo. Mshiriki asilazimike kupita mbele ya meza ili afike kwenye kiti chake. Sisi tunaiweka upande wa chai. Anayetaka huenda mwenyewe.

*Daktari wa meno, Mbale:* Nimesoma kozi ya mtandaoni yenye alama ya CERP. Pointi zake zitakubaliwa hapa?

Alama ile inakuambia mtoa mafunzo amepimwa. Uamuzi wa kuzikubali saa ni wa baraza lako. Tunza cheti chenye jina la mtoa mafunzo, tarehe na idadi ya saa, na uulize baraza kabla ya kulipia kozi nyingine, maana dola haziokotwi.

*Mwanachama, Busia:* Darasa la Zoom nathibitishaje kwamba mtu alikuwepo? Wengine wanawasha simu na kwenda sokoni.

Dada yangu, hilo nimeliona. Hifadhi orodha ya muda wa kuingia na kutoka ambayo programu yenyewe inatoa. Katikati ya somo toa maswali mawili yanayojibiwa papo hapo, na mwishoni jaribio fupi linalotokana na malengo. Asiyejibu hapati cheti. Mtu akikosa kwa sababu mtandao ulikatika, mpe jaribio lingine siku ya pili, na andika kwamba ulifanya hivyo.

*Mwanachama, Arua:* Lugha je? Sisi tunafundisha kwa Kiswahili na Kilugbara, faili liwe Kiingereza?

Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya Katiba ya 2005, hivyo usikifiche. Fundisha kwa lugha ambayo darasa linaielewa, na kwenye ratiba andika kwamba ndiyo iliyotumika. Malengo, muhtasari na ripoti viandike pia kwa Kiingereza ili mkaguzi asome bila mkalimani.

*Daktari, Kampala:* Tunapokea wakufunzi kutoka nje. Wanataka kuonyesha matibabu ya mzizi wa jino kwa mgonjwa hai mbele ya darasa. Faili liseme nini?

Hapa naomba usikimbie, daktari. Mgeni yeyote atakayegusa mgonjwa awe na kibali cha baraza kabla ya siku hiyo. Washiriki watakaoshika vifaa wawe na leseni zinazowaruhusu kazi hiyo, na waambiwe kabla ya kutoka kwamba siku moja ya mafunzo haimfanyi mtu awe bingwa wa mbinu mpya. Mgonjwa aelezwe kwa lugha yake kwamba watu ishirini watamtazama, kwamba anaweza kukataa na bado akatibiwa bila kinyongo, kisha ndipo asaini. Na swali ambalo mimi hulitanguliza kuliko yote: jino likivimba Jumatatu, mgeni akiwa ameshapanda ndege Entebbe, nani atampokea mgonjwa huyu? Jina la daktari huyo na namba yake ya simu viwe kwenye karatasi aliyonayo mgonjwa mkononi kabla sindano ya ganzi haijaingia.