Matatu za mbao: jinsi ninavyogawa mali kati ya duka na wakusanyaji

Karakana yangu iko Kariobangi, na kwa mwezi natoa matatu za mbao 40, vigari vya kuchezea na vya mapambo. Zamani nilikuwa nazimaliza kwanza, ndipo nawaza nitamuuzia nani. Duka likipiga simu, napeleka. Mkusanyaji (anayenunua za kuhifadhi, si za kuchezea) akituma ujumbe, namchomolea moja. Desemba moja mali yangu yote ilikuwa madukani, haijalipwa, na mteja wa London yuko na pesa mkononi lakini sina cha kumpa. Siku hizi nafanya hivi.

Hatua ya 1: Gawa kabla ya kukata mbao

Andika daftarini: 26 za duka, 10 za wakusanyaji, 4 hazina mwenyewe. Hizo 4 ni za kufidia iliyovunjika njiani au kuokoa duka lililoishiwa ghafla. Kama bado huna wateja wa moja kwa moja, watengee 5 tu. Ukishaandika, usihamishe kitu eti kwa sababu mtu amepiga simu ana haraka.

Hatua ya 2: Zisifanane

Hapa ndipo penye kazi. Matatu ya duka ni ya mtoto: plaiwudi, rangi moja isiyo na madini ya risasi, mstari wa njano, magurudumu yasiyong'oka hata ikiburutwa kwenye saruji. Naimaliza haraka.

Ya mkusanyaji ni nganya, yaani matatu iliyopambwa kwa michoro. Mlango wa makanga unafunguka, grafiti nachora kwa brashi nyembamba, na kibao cha mbele kinasema inakoenda. Kuwa makini na kibao hicho. Niliwahi kuandika namba ya njia 111 kwenye nganya ya Rongai, ikarudishwa siku ya pili: 111 ni ya Ngong, Rongai ni 125. Mtu anayelipa elfu saba anajua njia zake. Wale waliokulia Nairobi zamani huulizia zaidi basi la Nyayo, lile la serikali lililoanza 1986, na hapo hata herufi za ubavuni watazikagua.

Chini ya kila moja nachoma kwa chuma cha moto: 3/10 (ya tatu kati ya kumi), mwaka, sahihi. Ukisema 10, ziwe 10. Ya 11 usiitengeneze hata ukiahidiwa bei mara mbili.

Hatua ya 3: Usishindane na duka lako

Ile ya duka inanigharimu shilingi 900, ujira wangu ukiwemo (mafundi wengi hujisahau hapa). Bei ya jumla ni 1,500, duka linauza 2,500. Mwanzoni nilikuwa naiweka Instagram kwa 1,800, nikijiona mjanja. Siku moja mama mwenye duka akanipigia.

"Fundi, kuna mteja hapa amesimama mbele ya rafu yangu. Ananionyesha gari hili hili kwa simu yake, 1,800. Nimwambie nini?"

Sikuwa na jibu. Wiki hiyo alinirudishia zote 8. Tangu hapo, mtu akinunua kwangu ile ya duka analipa 2,500, na akiwa jirani na duka namwelekeza huko huko.

Hatua ya 4: Mali kauli kwa kipimo

Mali kauli ni mzigo ambao duka linalipa likishauza. Duka geni lipe 6, si 20. Andikianeni karatasi yenye idadi, bei na siku ya kuhesabu. Siku hiyo nenda mwenyewe ukahesabu rafuni. "Bado ziko" ya kwenye simu si hesabu. Likiuza 4 kwa mwezi, liongezee. Likiuza moja, chukua zako tano bila ugomvi. Maduka yenye hesabu rasmi yatakudai ankara ya eTIMS (mfumo wa ankara wa mamlaka ya kodi, KRA), kwa hiyo jisajili kabla hujaanza kuyazungukia.

Hatua ya 5: Mkusanyaji atangulize nusu

Dipoziti iingie kwa Till (namba ya biashara ya kupokea malipo kwa simu) kabla hujafungua mkebe wa rangi. Nusu ya pili anamaliza akishaona picha. Ikisafirishwa nje, vioo vya pembeni vitoe uvifunge peke yake na gundi kidogo. Ndivyo huvunjika kwanza.

Hatua ya 6: Fuata kalenda ya shule

Watoto hununuliwa vigari shule zikifungwa: Aprili, Agosti, na kuanzia Novemba hadi Krismasi. Mzigo wa duka ufike wiki tatu kabla, kwa hiyo Oktoba yangu yote ni plaiwudi na misumari. Januari wazazi wanahangaika na karo, hakuna duka linaloagiza. Huo ndio mwezi wa kuchora nganya. Januari iliyopita basi moja la Nyayo lilinikalisha siku nne, simu kimya, na lilikuwa limeshalipiwa nusu tangu Novemba.