Moroto hadi Kidepo kwa magari matatu: upepo wa tairi, mto wa mchanga na kambi

Uganda haina jangwa kamili, lakini Karamoja, eneo lake la kaskazini-mashariki, wakati wa kiangazi, Desemba hadi Machi, inampa dereva kazi ileile: joto, vumbi zito na mito iliyobaki mchanga mtupu. Mwongozo huu ni wa magari matatu ya fowili (magurudumu yote manne yakisukumwa na injini) yanayotoka Moroto kupitia Kotido na Kaabong hadi Hifadhi ya Taifa ya Bonde la Kidepo. Gari moja peke yake lisijaribu.

Hatua ya 1: Mizigo

Gari linalokula lita 12 za dizeli kwa kilomita 100 kwenye lami linaweza kufika 18 au zaidi likiwa kwenye mchanga. Pigeni hesabu kwa 18, kisha ongezeni robo. Jazeni matangi Moroto, ongezeni Kotido, wala msitegemee kupata mafuta ndani ya hifadhi. Jerikani zisiwekwe zote kwenye keria ya juu. Uzito ukipanda juu, gari linayumba kwenye miteremko ya pembeni.

Maji ni lita 7 kwa mtu kwa siku, katika madumu madogo yaliyogawanywa magari yote. Kila gari libebe spea mbili, kipimo cha upepo, vifaa vya kuziba pancha, sepeto, na kipande cha ubao mnene cha kuweka chini ya jeki. Bila ubao huo jeki inazama na gari linabaki palepale.

Hatua ya 2: Mpangilio wa msafara

Wengi humweka fundi na kamba gari la kwanza. Mwekeni la mwisho, kwa sababu anayekwama atakuwa mbele yake, naye atamkuta bila kugeuza. Kwenye vumbi acheni mita 300 kati ya gari na gari. Kila dereva achunge wa nyuma yake: ukifika njia panda, simama mpaka umwone, ndipo uendelee. Kwa utaratibu huo hapotei mtu hata mtandao wa simu ukikatika.

Hatua ya 3: Punguzeni upepo kabla ya mchanga

Hapa ndipo safari nyingi huharibika. Dereva anaingia na psi 38 za lami (psi ni kizio cha upepo wa tairi), anakwama, ndipo anakumbuka kipimo. Tairi likipungua upepo linalala, alama yake inakuwa ndefu, na uzito wa gari unatawanyika badala ya kuchimba. Kwa gari lenye mzigo, anzieni hapa: barabara ya marramu (udongo wa changarawe) psi 28, mchanga psi 18. Pimeni asubuhi tairi zikiwa baridi, maana zikipata moto kipimo kinapanda na kuwadanganya.

Kwenye psi 18 msizidi kilomita 40 kwa saa wala msikate kona kwa ghafla. Tairi litachomoka kwenye rimu. Mkirudi barabara ngumu, jazeni kwa kompresa papo hapo. Tairi laini likikimbizwa hupata moto ubavuni na kupasuka.

Hatua ya 4: Kuvuka mto wa mchanga

Mto Kidepo huwa mkavu sehemu kubwa ya mwaka. Tumieni njia iliyokwisha kupitwa na magari, na mwulizeni askari wa hifadhi kabla ya kushuka garini kuikagua. Akiruhusu, choma mchanga kwa fimbo: juu panaweza kuwa pakavu na chini pana unyevu unaomeza tairi. Tazama hasa ukingo wa kutokea, kwa kuwa gari likifika pale limeshapungua mwendo.

Ingieni na gia ya pili ya fowili nzito (gia za chini zenye nguvu), mwendo wa wastani usiobadilika, bila kubadili gia katikati. Avuke mmoja, wa pili asiingie mpaka wa kwanza awe juu ng'ambo. Ukitaka kusimama, ondoa mguu kwenye mafuta gari lisimame lenyewe. Breki hurundika mchanga mbele ya tairi.

Hatua ya 5: Mkikwama

Gurudumu likizunguka bila gari kusogea, ondoa mguu. Sekunde chache zaidi na difu (kasha la gia katikati ya ekseli) imekalia mchanga. Fukua nyuma ya magurudumu yote manne na chini ya difu, shusha upepo hadi psi 15, kisha rudi nyuma kwa alama zako mwenyewe. Njia hiyo imeshashindiliwa.

Ikishindikana, vuteni. Kamba ifungwe kwenye ndoano iliyoshikwa na chesisi, kamwe isiwe kwenye mpira wa kuvutia trela: ukikatika unaruka kama risasi, na umeua watu. Wasio madereva wakae pembeni, mbali kuliko urefu wa kamba.

Kambi

Ndani ya hifadhi, pigeni kambi palipoidhinishwa tu. Nje yake, ombeni ruhusa kwa wenyeji, na msilale kwenye mchanga wa mto hata mbingu ikiwa safi. Mvua ya milimani hushusha maji usiku. Kabla ya giza ng'oeni nyasi zilizonasa karibu na ekzosi na kwenye rejeta, maana za ekzosi huwaka moto na za rejeta huchemsha injini. Vaeni rangi za kaki: bluu iliyoiva na nyeusi huwavuta mbung'o.

Mvua ikinyesha, udongo mweusi wa Karamoja hujaza meno ya tairi na kupunguza upepo hakusaidii. Zimeni injini, subirini jua likaushe njia.