Umetumwa hospitali ya misheni Ugogo? Anza na viatu

Vijana wanaotumwa na kanisa kuja kufanya kazi huku Ugogo, nchi ya Wagogo mkoani Dodoma, hunipigia simu wakiwa bado Dar au Tanga, na swali lao huwa moja: Dada, nibebe dawa gani? Nawajibu, beba viatu vya kufunika vidole. Dawa zitakuwepo au zitakuwa zimeisha, hilo utalikuta. Ila nge wa Ugogo hupenda kulala ndani ya kiatu, na alfajiri ukiingiza mguu mbiombio kwa sababu umeitwa leba, hamtasalimiana. Kung'uta kwanza. Hata leo, miaka yote hii, nakung'uta.

Mimi ni nesi mkunga, mzaliwa wa Muheza, kwenye michungwa na mvua. Nilifika Novemba 2012 katika hospitali ya kanisa kusini mwa Dodoma mjini, kwa mkataba wa miaka miwili, na bado nipo. Watu wakisikia "mmisionari" humfikiria Mzungu, na ni kweli wao ndio walioanza: CMS, shirika la wamisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza, waliweka kituo Mpwapwa miaka ya 1870. Siku hizi anayeshuka garini na begi ni Mbondei, Mchaga au Mnyakyusa. Na sisi tuna hatari moja ambayo Mzungu hana: kwa kuwa tunajua Kiswahili, tunadhani tumeshafika.

Nimalize habari ya begi. Sweta, maana Juni na Julai usiku wa Dodoma una baridi ya kweli. Mafuta ya mgando, la sivyo midomo itapasuka wiki ya kwanza. Tochi ya kuvaa kichwani, na betri za akiba. Hii ya tochi naisisitiza. Mwezi wangu wa pili umeme ulikatika mama akiwa anasukuma, jenereta likagoma, nikamwomba shangazi yake anishikie simu inimulikie. Alishika vizuri kabisa mpaka kichwa cha mtoto kilipoanza kuonekana. Hapo akaona haya, akageuza uso ukutani, na mwanga ukageuka naye. Mtoto nilimpokea kwa kupapasa. Tangu siku hiyo tochi yangu inaning'inia msumarini nyuma ya mlango wa leba, na mtu akiichukua kwenda kutafutia kuku, tunagombana.

Maji ndiyo yatakayokubadilisha tabia. Huku maji hupimwa kwa dumu la lita 20, huletwa na mkokoteni wa punda, na kiangazi bei hupanda mara mbili bila aibu. Mengi ni ya kisima na yana chumvi. Sabuni haitoi povu, maharage hayaivi, chai ina ladha ya dripu. Kuchemsha kunaua vijidudu, chumvi hakuiondoi, kwa hiyo maji ya mvua ya kwenye mabati yatunze kama mafuta: ya kunywa, ya kupikia maharage, basi. Maji ya kuoga naogea ndani ya beseni. Hayohayo yanafulia vitambaa vya kudekia, kisha yanamwagwa chooni. Ukiona jirani anamwagilia mchicha kwa maji safi, jua ni mgeni, na huenda jirani huyo ni wewe.

Sasa lugha. Wanaume na vijana wanaongea Kiswahili vizuri, lakini bibi wengi na baadhi ya kina mama wa vitongoji vya mbali wako nyumbani zaidi katika Kigogo. Jifunze salamu yao, "mbukwenyi", kabla hujajifunza neno la sindano. Na usimtumie mtoto wa mgonjwa kama mkalimani wa mambo ya uzazi. Niliwahi kumtuma kijana wa miaka kama kumi na miwili amuulize mama yake kama anatokwa na damu. Walizungumza muda mrefu kidogo, kisha akaniangalia vidole vya miguu akasema, "Anaumwa tumbo." Alikuwa anatokwa na damu, nyingi, nikaja kuiona kwenye kitenge alipoinuka. Mtafute mhudumu wa wodi, mama mtu mzima. Wahudumu hawa hawana cheo wala meza, lakini wanajua mgonjwa ni mkwe wa nani na kwa nini amechelewa kuja.

Kutoka nyumbani kwangu hadi lango la hospitali ni hatua mia nne. Nilizihesabu. Mwanzoni nilipanga kutembea kwa dakika tano, nikawa nachelewa zamu kila siku. Mmoja anakusimamisha akuoneshe kidonda, mwingine anataka ujue mtoto uliyemzalisha anatembea, mzee mmoja hataki kitu chochote ila salamu, na salamu yake inapita kwako, kwa wazazi wako wa Muheza, mpaka kwenye mvua za huko. Nilikuwa najibu huku natembea. Mhudumu mmoja akaniita pembeni: "Nesi, wanasema una kiburi." Sasa natoka nyumbani nusu saa kabla. Nusu saa hiyo usiihesabu kuwa hasara. Nimegundua mimba za hatari nyingi zaidi njiani kuliko nilizogundua kliniki, kwa sababu mwanamke aliyevimba miguu na uso haji kliniki, ila kisimani lazima aende.

Lakini weka mpaka mmoja, na uuweke wiki ya kwanza. Nyumbani kwako pasiwe na dawa.

Mimi nilikuwa nazo. Panadol, dawa mseto, ORS, zote kwenye kopo la maziwa. Watu walipiga hodi saa mbili usiku, nami nilijisikia vizuri kusaidia bila foleni wala risiti. Mama mmoja alinijia na mtoto wa mwaka mmoja na nusu, ana moto. Nilikuwa nimetoka zamu, miguu inawaka. Nikampa dawa mseto bila kipimo, kwa mazoea ya kwetu Tanga, ambako mtoto akichemka watu huwaza malaria kwanza. Dodoma malaria si nyingi kama Pwani au Kanda ya Ziwa, nami nilikuwa najua. Sikumfunua kifua wala sikuhesabu pumzi. Siku ya pili usiku aliletwa wodini akihema kwa kuvuta mbavu ndani. Nimonia. Alikaa kwenye oksijeni siku tatu. Alipona, na mama yake alinishukuru, hakujua ni kwa nini nilishindwa kumtazama.

Kopo lile nililirudisha famasi asubuhi iliyofuata. Siku hizi ukipiga hodi kwangu usiku utanikuta na vitu viwili tu, saa ya kuhesabia pumzi na kandambili za kukusindikiza hospitalini. Nakwenda nawe mpaka kwa aliye zamu, namweleza, narudi kulala. Mwanzoni walinuna. Baadaye wakagundua kuwa kusindikizwa na nesi hupunguza foleni, wakatulia.

Kuna jambo la "meno ya nailoni" utakutana nalo mapema. Mtoto anaharisha, ana homa, fizi zimevimba, na bibi ana hakika kuwa kuna meno mabaya ndani yanayopaswa kung'olewa na fundi wa kienyeji. Wengine huja baada ya kung'olewa, fizi zimechanwa, mtoto amepungukiwa maji na damu. Hasira itakupanda. Ilinipanda, nikamfokea bibi mmoja mbele ya wodi nzima. Miezi iliyofuata wanawake watatu wa kitongoji chake walijifungulia nyumbani, na nilijua sababu. Siku hizi nauliza kwa sauti ileile ninayoulizia umri: "Mmeshampeleka wapi kabla ya hapa? Mmempa nini?" Kisha nanyamaza. Vivyo hivyo kwa mitishamba ya kuongeza uchungu. Mama akija uchungu ukiwa mkali kuliko njia ilivyofunguka, nataka kujua alichokunywa na saa aliyokunywa. Mahubiri yatasubiri mtoto atoke.

Na kabla hujaomba saini ya upasuaji, uliza nani anaamua. Mara nyingi si anayeumwa. Ni mume aliyeko mnadani, au mama mkwe aliyekaa chini ya mti nje akiwa na kikapu. Mfuate kwenye mti. Chuchumaa. Mweleze yeye kwanza, utaokoa saa nzima.

Mvua ikianza Desemba wodi huwa tupu, usifurahi. Watu wako shambani na wagonjwa wao wako nyumbani, watakuja wakiwa wamezidiwa. Januari hadi Machi ghala za wengi zimepungua, basi mjamzito akikuambia ameshiba muulize ameshiba nini. Baada ya mavuno utaletewa kuku, karanga, mlenda mkavu. Pokea kwa mikono miwili, hata kama kuku huyo ni wa pekee. Kukataa ni kumwambia mtu kuwa hana cha kutoa.

Pesa ni habari nyingine. Wataomba, na wengine wana haki ya kuomba. Usilipe bili za watu kimyakimya, maana wiki ya pili kila mtu atajua na hospitali nayo itakosa kujua nani hana uwezo. Mpeleke mtu kwa afisa ustawi wa jamii. Mimi nina bahasha ya elfu ishirini kwa mwezi, ikiisha nasema imeisha, na sidanganyi. Mshahara wako mwenyewe nao utachelewa miezi fulani. Fuga kuku.

Misiba usikose. Hasa ule unaouogopa. Mwaka wangu wa nne mama mmoja alitufia mikononi baada ya kujifungua, tulikuwa na chupa moja tu ya damu na ilikwisha. Wenzangu walinishauri nisiende kijijini, watu wana uchungu. Nilikwenda. Nikavua viatu, nikakaa mkekani na wanawake, hakuna aliyenisemesha kwa muda mrefu sana. Kisha mama mkwe wa marehemu akanisogezea bakuli la mahindi, tukaanza kupukuchua pamoja mpaka jua likazama. Mjukuu wake yuko darasa la nne sasa. Akinikuta njiani ananiamkia.

Ukienda likizo kwenu Pwani, lala ndani ya chandarua tangu usiku wa kwanza. Miaka miwili ya Ugogo mwili umeshasahau malaria, mimi niliumwa kama mtalii.

Safari siku hizi ni nyepesi, treni ya SGR inafika Dodoma tangu 2024. Ukishuka, tafuta gari la huku kusini. Kama ni la mchana kaa upande wa kushoto, jua litawapiga wenzako. Na pale stendi nunua mifuniko miwili ya madumu. Huku hupotea zaidi kuliko madumu yenyewe.