Namna ya Kuandika Masimulizi ya Safari Yenye Ucheshi kwa Ajili ya Kuchangia Hisani

Watu wengi wanaosafiri barani mwetu kwa treni, meli na mabasi hurudi na visa vya kuchekesha, na baadhi yao hupata wazo la kuviandika, kuviuza na kuyatoa mapato kwa hospitali, shule au kituo cha kulelea watoto. Wazo hilo ni jema na linatekelezeka, lakini lina ugumu wake. Mwandishi anataka msomaji acheke, na papo hapo anataka atoe fedha kwa ajili ya watu wenye shida, ambao mara nyingi wanaishi palepale kichekesho kilipotokea. Asipokuwa mwangalifu, msomaji atawacheka haohao anaoombwa awasaidie. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuliepuka kosa hilo, tangu kabla ya safari hadi fedha zinapokabidhiwa.

Kigezo cha kazi hii tunacho nyumbani, nacho ni utani. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walitembea kutoka Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, hadi Bagamoyo wakiwa na pembe za ndovu mabegani, wakipita katika nchi za Wagogo, Waluguru na Wazaramo, na misafara hiyo ni mojawapo ya vyanzo vikuu vya utani uliopo hadi leo kati ya Wanyamwezi na makabila ya njiani. Chanzo kingine ni vita vya Wangoni. Aliyewahi kuhudhuria msiba wenye watani anajua wanavyofanya: wanaigiza mwendo wa marehemu, wanamdai mfiwa faini, wanawachekesha waombolezaji hadi machozi ya huzuni yanachanganyika na ya kicheko. Lakini watani haohao ndio wanaoshika majembe na kuchimba kaburi, na ndio wanaohangaika na maji, kuni na chakula. Mtani ana ruhusa ya kuchekesha kwa sababu ana wajibu wa kusaidia, na yule anayetaniwa leo ana haki ya kujibu kesho. Mwandishi wa safari anayekusudia kuchangia hisani anapaswa kuyashika yote mawili, yaani awe amefungwa na wajibu kwa watu anaowaandika, na awape nafasi ya kumjibu ndani ya maandishi yake mwenyewe.

Chagua unayemchangia kabla ya kukata tiketi

Waandishi wengi huanza na visa, kisha wakishamaliza kitabu ndipo wanapotafuta shirika la kulitaja katika jalada la nyuma. Ninashauri utaratibu huo ugeuzwe. Ukiijua hisani mapema, safari yenyewe inapata mwelekeo, na mambo utakayoyaona njiani yatahusiana na sababu ya kuchangisha badala ya kubandikwa mwishoni.

Sababu zinazokaa vizuri zaidi na masimulizi ya safari ni zile ambazo safari ni sehemu ya tatizo lenyewe. Mwaka 2009 hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam ilianza kutumia M-Pesa ili kuwafikisha hospitalini wanawake wenye fistula, yaani jeraha la uzazi linalomfanya mwanamke avuje mkojo au kinyesi. Matibabu yalikuwa ya bure, lakini wengi walishindwa kuja kwa kukosa nauli. Kwa hiyo fedha zilitumwa kwa simu kwa balozi wa kujitolea aliye karibu na mgonjwa, naye akamkatia tiketi ya basi. Msomaji aliyecheka kurasa nyingi kwa sababu ya misukosuko ya basi ataelewa kwa haraka anapoambiwa kwamba mtu mwingine hana hata nauli ya kuingia katika basi hilo. Mfano mwingine ni madaktari warukao wa shirika la afya la AMREF, yaani wanaowafuata wagonjwa kwa ndege, huduma iliyoanzishwa mwaka 1957 kwa sababu wagonjwa wa maeneo ya mbali ya Afrika Mashariki hawakuweza kuifikia hospitali kwa barabara zilizokuwapo. Hapa pia umbali ndio kiini cha tatizo, na umbali ni kitu ambacho mwandishi wa safari anaweza kukieleza kwa mamlaka.

Kabla ya kutumia jina la shirika lolote, hakikisha limesajiliwa. Kwa Tanzania Bara, mashirika yasiyo ya kiserikali husajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2002, na shirika halali halioni tabu kukuonyesha cheti chake. Kisha liandikie, lieleze nia yako, na usubiri jibu la maandishi linalokuruhusu kulitaja na kueleza fedha zitapokelewa na nani.

Kukusanya visa njiani

Visa vizuri havitafutwi kwa nguvu. Panda chombo ambacho watu wanakaa pamoja kwa muda mrefu, kwa maana kinachochekesha katika safari hutokana na watu wasiojuana kulazimika kugawana nafasi, chakula na subira. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, ni darasa kamili. Kila stesheni ina bidhaa yake na wauzaji wake: kuku wa Saranda, asali ya Tabora, chumvi ya Uvinza. Pale Tabora mabehewa hukatwa na kupangwa upya, mengine yaende Kigoma, mengine Mwanza, mengine Mpanda, na abiria aliyehamia behewa la rafiki ili kupiga soga anaweza kujikuta anaelekea ziwa ambalo hakulikusudia. Kisa kama hicho hakihitaji kutiwa chumvi.

Beba daftari dogo na uandike siku hiyohiyo. Andika maneno ya watu kama walivyoyasema, kwa sababu ucheshi wa Kiswahili unakaa katika namna ya kusema kuliko katika tukio, na ukisubiri wiki moja utakumbuka tukio huku maneno yamekwishapotea. Andika pia maandishi ya kanga na ya daladala, bei, harufu, na nani alimwita nani shangazi bila kuwa na undugu wowote.

Usidharau historia. Mara nyingine ukweli wa kumbukumbu unachekesha kuliko kisa cha kubuni, na unampa msomaji elimu asiyoitarajia. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg nchini Ujerumani mwaka 1913 ikiitwa Graf von Götzen, ikafunguliwa vipandevipande, ikapakiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaletwa kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ikaungwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani walewale waliizamisha wenyewe ili isiangukie mikononi mwa adui, lakini kwanza wakazipaka mashine zake grisi kwa uangalifu mkubwa. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina jipya, ikabeba abiria na magunia ya dagaa kwa miongo mingi katika Ziwa Tanganyika. Mwandishi akieleza tu habari hiyo kwa mpangilio mzuri, akatulia kidogo pale penye grisi, msomaji atatabasamu mwenyewe. Hakuna Mwafrika aliyedhalilishwa, wala Mjerumani, na kila neno ni kweli.

Kicheko kielekee wapi

Hili ndilo jambo linalohitaji muda mwingi kuliko mengine yote. Nitaonyesha kwa mfano niliouunda. Tuseme rasimu ya kwanza inasomeka hivi:

«Usiku wa manane treni ilisimama Saranda. Wauza kuku wakayavamia madirisha wakipiga kelele kama wendawazimu. Mama mmoja alinipa kuku aliyekonda, treni ikaondoka kabla sijamlipa, naye akabaki anakimbia huku kanga ikimdondoka.»

Msomaji anaweza kucheka, lakini anachokicheka ni umaskini wa mama, wasiwasi wake wa kupoteza fedha na kuvunjika kwa heshima yake. Tena hatujui kama mama alilipwa, jambo linalomfanya msimulizi aonekane mwizi bila yeye kutambua. Sasa tazama kisa hichohicho kikiandikwa na mtu aliyemtazama mama huyo kazini:

«Treni husimama Saranda kwa muda mfupi, na katika muda huo mama mwenye beseni anahudumia madirisha matano. Dirisha la kwanza linataka paja. La pili linataka kuku mzima kwa bei ya paja. La tatu limekwisha kula na sasa linalalamikia chumvi. La nne linauliza kama kuku huyu ni wa kienyeji kweli, na mama anajibu kwamba hata leo asubuhi alikuwa akiwafukuza wageni uani. Katika dirisha la tano abiria amepokea kuku kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili ameshikilia noti ya shilingi 10,000 ambayo haiachii. Filimbi inalia. Mama anatembea sambamba na behewa, bila haraka, na kumwambia: Baba, kuku umeshapokea, noti nayo iachie.»

Mahali ni palepale, biashara ni ileile, na mama bado ni mtu wa hali ya chini. Kilichobadilika ni kwamba yeye ndiye mwenye akili na neno la mwisho, na abiria ndiye anayechekwa. Ninaamini rasimu ya pili inachekesha zaidi, kwa kuwa dharau humchosha msomaji upesi ilhali werevu unamfanya atake kusoma ukurasa unaofuata.

Cheka wenye nguvu: ofisi inayodai fomu tatu kwa ajili ya mzigo mmoja, ratiba ambayo haijawahi kuiona treni, msafiri anayejua kila kitu. Acha kabisa kuchekesha kwa njaa, maradhi, ulemavu, maiti na lafudhi ya watu. Baadhi ya waandishi hutetea mzaha wa lafudhi kwa kusema kwamba hata wenyewe hutaniana hivyo. Ni kweli wanataniana, lakini mbele ya watani wao, si katika kitabu kinachouzwa kwa watu wasiowajua.

Uingereza inatupa funzo hapa, kwa kuwa huko ndiko ucheshi na hisani kwa Afrika vilikounganishwa kwa kiwango kikubwa. Shirika la Comic Relief lilianzishwa mwaka 1985 wakati wa njaa ya Ethiopia, na tangu mwaka 1988 limechangisha fedha nyingi kupitia siku maalumu ya pua nyekundu (Red Nose Day), ambapo watu huvaa pua bandia nyekundu, wachekeshaji hutumbuiza na katikati yake huonyeshwa filamu fupi za watu wenye shida. Fedha zilisaidia wengi, na hilo si la kubezwa. Hata hivyo, kwa miaka mingi Waingereza walichekeshwa na Waingereza wenzao, kisha wakalizwa na Waafrika, na Mwafrika mwenye kuchekesha hakuonekana kwa urahisi. Mwaka 2012 wanafunzi wa Norway walitoa video ya mzaha iliyowaomba Waafrika wawatumie Wanorway vifaa vya kupashia joto nyumba, ili kuonyesha jinsi taswira ya aina hiyo inavyopotosha. Mwaka 2019 picha ya mtangazaji wa televisheni aliyesafiri kwa ajili ya Comic Relief akiwa amembeba mtoto nchini Uganda ilizusha mjadala mkali, na mwaka 2020 shirika likatangaza kuacha kuwatuma watu maarufu Afrika na badala yake kuwatumia watengenezaji filamu wenyeji. Kwa mwandishi wetu maana yake ni moja: usigawe kitabu ukawapa wasafiri vichekesho na wenyeji machozi.

Kwa sababu hiyo, ombi la mchango liwe na ukurasa wake, lenye lugha tulivu, likieleza tatizo, gharama na kinachofanyika. Usilitie katikati ya kisa cha kuchekesha, kwani msomaji atahisi ametegwa.

Ridhaa

Mtu yeyote anayetambulika katika masimulizi yako asomewe sehemu inayomhusu, kwa lugha anayoielewa, na awe na haki ya kukataa. Mara nyingi hawatakataa. Watarekebisha, na marekebisho yao yatakuwa bora kuliko ulichoandika. Majina ya watu binafsi yabadilishwe isipokuwa wakitaka wenyewe, na picha za wagonjwa na za watoto ziachwe. Kenya ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tangu mwaka 2019 na Tanzania tangu mwaka 2022, kwa hiyo hili limevuka adabu na kuwa suala la kisheria.

Hesabu za fedha

Hapa ndipo nia njema nyingi zinapoharibika. Tuchukulie kitabu kinachapishwa nakala 500 kwa shilingi 5,000 kila moja, jumla shilingi 2,500,000, na kinauzwa shilingi 15,000. Duka likichukua asilimia 30, yaani shilingi 4,500, na usafirishaji ukachukua 500, kila nakala inabakiza shilingi 5,000 baada ya kuondoa gharama ya uchapaji. Nakala zote zikiuzwa, hisani inapata shilingi 2,500,000. Lakini zikiuzwa 200 tu, mauzo baada ya duka na usafiri yanakuwa shilingi 2,000,000, kiasi ambacho hakitoshi hata kumlipa mpiga chapa, ilhali jalada lako limeahidi mchango.

Kuna njia mbili za kujilinda. Ya kwanza ni kumpata mtu au kampuni ya kugharimia uchapaji, ili kila kinachobaki kiende kunakokusudiwa. Ya pili ni kupokea maagizo na malipo kabla ya kuchapa, kisha kuchapa idadi hiyo na nyongeza ndogo. Vyovyote utakavyofanya, usiandike kwamba mapato yote yatakwenda kwa hisani ikiwa gharama zinakatwa humo. Andika kiasi: shilingi 5,000 katika kila nakala inayouzwa dukani kwa shilingi 15,000 hupelekwa mahali fulani. Namba ya simu ya kupokelea malipo iwe ya shirika lenyewe au ya akaunti iliyofunguliwa kwa kazi hiyo peke yake, kamwe isiwe namba yako ya kila siku.

Wauzie wasomaji ana kwa ana kadiri unavyoweza, katika mikutano, shuleni na kwenye sherehe, kwa kuwa nakala isiyopitia dukani inaongeza shilingi 4,500 katika mchango. Ukikabidhi fedha, omba stakabadhi, na ndani ya mwezi mmoja tangaza nakala zilizochapwa, zilizouzwa, zilizogawiwa bure, zilizobaki, gharama na kiasi kilichotolewa. Nakala za kugawa bure ziwafikie kwanza watu waliomo kitabuni, kisha maktaba za mikoa ulikopita, nazo zihesabiwe katika taarifa hiyo pamoja na nauli ya kuzipeleka.