Nilivyorudisha usingizi kwa simu, hapa Kibirizi, Kigoma

Mitumbwi ya dagaa inarudi alfajiri, na ukichelewa ufukweni unakuta mzigo mzuri umeshachukuliwa. Kwa hofu hiyo nilikuwa najilaza saa 3 usiku ili niwahi kuamka saa 11. Nalala macho. Dirishani taa za wavuvi zimetanda ziwa zima, kichwani madeni. Kitandani masaa 8, usingizi masaa 5.

Mpwa wangu akaniwekea CBT-i Coach, programu ya bure ya Wizara ya Maveterani (wanajeshi wa zamani) ya Marekani. Ni ya Kiingereza, akanitafsiria maswali yake kwenye daftari. Inafuata tiba ya fikra na tabia, ambayo mwaka 2016 American College of Physicians, chama cha madaktari wa Marekani, walishauri itangulie vidonge vya usingizi.

Wiki ya kwanza usibadilishe kitu, jaza shajara tu kila asubuhi: ulipanda kitandani saa ngapi, ulisinzia lini, ulishtuka mara ngapi, ulitoka lini. Kisia, maana kuchungulia saa usiku kunafukuza usingizi. Muda uliolala ukigawanywa kwa muda uliokaa kitandani, ukazidisha kwa 100, unapata asilimia yako. Yangu ilikuwa 62.

Sasa punguza muda wa kitandani. Hapa ndipo wengi wanakata tamaa, na hapa ndipo dawa ilipo. Saa ya kuamka haiguswi, hata siku za mbalamwezi ambapo wavuvi hawatoki. Mimi zamani siku hizo nililala hadi jua kali, usiku unaofuata nikaumia. Nilijipa masaa 5 na nusu, kwa hiyo kupanda ni saa 5:30 usiku. Usishuke chini ya masaa 5. Ili nisisinzie mapema nilikaa mkekani nachambua mchele, taa ya sola nimeigeuzia ukutani, mpaka nikajikuta kidole kimeganda juu ya chuya ileile. Asilimia ikipita 85 kwa wiki nzima, ongeza dakika 15.

Lakini kama una kifafa, unakoroma huku pumzi inakatika, una ugonjwa wa akili unaopandisha na kushusha hisia, au unaendesha bodaboda au gari, mwone daktari kwanza. Wiki mbili za mwanzo mchana unasinzia kweli.

Ukipanda na usingizi usije kwa kama dakika 20, toka, rudi mkekani, panda tena macho yakiwa mazito. Simu ilale kabatini. Shajara ni ya asubuhi.

Na madeni? Yapangie saa 12 jioni. Mimi naandika jina, kiasi, na hatua moja ya kesho. Wazo la "nisipolala leo kesho sitafanya kazi" nalo niliandika, nikaweka pembeni yake siku nilizolala kidogo na bado nikaanika dagaa wote.

Hii ni wiki ya saba. Napanda saa 4:30.