Kabla ya Kuchora Kichanja cha Dagaa: Mwongozo kwa Mbunifu Anayekuja Kigoma

Vyuo vingi vya ubunifu bado vinafundisha kuchora, kupanga rangi na kutumia programu za kompyuta. Ukifika mwalo wa Katonga au Kibirizi, ufuo ambapo wavuvi wa Ziwa Tanganyika hushusha samaki, kusaidia waanikaji wa dagaa, utakuta kazi inadai mengine: kupima uzito, kuuliza bila kumwelekeza mtu jibu, kujua sheria, kupiga hesabu ya fedha isiyo yako, na kukabidhi kazi ikabaki hai. Mwongozo huu unafuata kazi moja ndogo, kichanja cha kuanikia (meza ya fito na wavu), kwa sababu kinakamilika ndani ya miezi miwili na kinagusa kila kitu: kazi ya wanawake, chakula, miti na ziwa.

Hatua ya 1: Jitambulishe

Anza kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha uongozi wa BMU, kikundi cha wenyeji kinachosimamia uvuvi wa mwalo huo. Kamera ibaki kwenye begi wiki ya kwanza.

Hatua ya 2: Kaa mzunguko mzima wa mwezi

Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, na taa hufanya kazi vizuri kukiwa na giza. Mbalamwezi ikikolea, vyombo vingi hupumzika. Mbunifu anayekuja wiki ya mwezi mpevu huona ufuo mtupu na kudhani nafasi ya kuanikia ni tele. Anayekuja kwenye giza totoro huona dagaa wamefurika hadi njiani. Kichanja kipimwe kwa siku ya wingi, si kwa wastani wa mwezi, maana siku ya wingi ndiyo dagaa huoza.

Zingatia na mwaka wenyewe. Mvua za Kigoma huanza takriban Oktoba au Novemba na kufika hadi Aprili au Mei. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa upande wa Tanzania kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Mpango wowote wa mkopo wa vichanja usiohesabu miezi mitatu isiyo na samaki utawafilisi watu uliokuja kuwasaidia.

Kuhusu maswali: usimwulize mama "ungependa kichanja?" Atakuitikia ndiyo, kwa heshima ya mgeni. Mwamkie, kisha umwulize habari za jana. Dagaa walifika saa ngapi? Nani aliwabeba? Nani aliwageuza? Mvua ilipokuja uliwakimbizia wapi? Mnunuzi alikataa nini? Jibu la jana lina ukweli kuliko jibu la "ningependa". Kama hujui Kiha, lugha ya wenyeji wa Kigoma, tafuta mtu wa kukufasiria na umlipe. Kwenye kikao anayezungumza kwanza mara nyingi ni mwenye eneo au mwenye mtaji; dada anayeanika kwa kibarua atanyamaza. Huyo mfuate kwenye kugeuza dagaa, saa nne asubuhi, ushike ufagio naye.

Hatua ya 3: Pima hali ilivyo

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, na ndipo stadi mpya ya mbunifu inapoonekana. Mchoro mzuri usio na vipimo vya kabla na baada ni maoni tu. Tenga siku kumi.

Tafuta mzani wa kidijitali wa mezani wa kilo 30 unaosoma kwa gramu 5 au 10. Achana na mzani wa kuning'iniza: upepo wa ziwani huuyumbisha na kila mtu husoma namba yake. Kila asubuhi ujaribu kwa kitu kilekile, mfano chupa ya lita moja na nusu iliyojaa maji na kufungwa kabisa. Andika uzito wake siku ya kwanza. Siku namba ikibadilika, badilisha betri au sawazisha meza kabla ya kupima samaki yeyote. Kumbukumbu weka kwenye daftari la karatasi na penseli. Simu yenye mikono ya dagaa haiandiki, na wino ukilowa unapotea.

Chukua dagaa wa chombo kimoja, usiku mmoja. Wachanganye vizuri, kisha wagawe mafungu matatu: la mchangani, la juu ya turubai, na la kichanja cha majaribio, hata kama ni wavu uliofungwa kwenye fito nne. Kabla ya kupima, waweke kwenye tenga au kapu lenye matundu kwa dakika 15 wachuje maji. Ukiruka hapo, maji ya kuoshea utayahesabu kuwa samaki, na fungu lililooshwa mwisho litaonekana limekauka ajabu.

Unene wa kuanika uwe sawa kwenye mafungu yote. Kilo 4 kwa mita ya mraba ni mahali pazuri pa kuanzia, dagaa wakiwa tabaka moja. Mafungu yakitofautiana unene, unachopima ni unene, si kichanja.

Pima saa mbili asubuhi, saa nne, saa sita, saa nane na saa kumi. Usishangae fungu la mchangani likiongoza saa mbili za mwanzo: mchanga wa moto hunyonya maji ya juu haraka. Baadaye unyevu unabaki chini ya samaki bila pa kutokea, wakati kwenye kichanja hewa inapita juu na chini. Anayepima mara moja tu, saa nne, ataondoka na jibu la uongo.

Mtego mkubwa kuliko yote ni mchanga wenyewe. Dagaa walioanikwa chini hubeba mchanga, na mchanga una uzito. Usipoutoa, daftari litakuambia mchangani hupatikana dagaa wengi zaidi. Wapepete kwenye chekeche, upime kilichodondoka. Kisha chukua gramu 100 za dagaa waliopepetwa, waloweke kwenye bakuli jeupe, wasugue kwa vidole, watoe, uyaache maji yatulie na kuyamwaga polepole. Mchanga uliobaki chini ukaushe na kuupima kwa mzani mdogo wa gramu, wa aina wanayotumia wapimaji dhahabu, kwa kuwa mzani wa kilo 30 hauuoni. Kiasi hicho ndicho mlaji anachotafuna, na ndicho mnunuzi anachokikataa.

Sasa hesabu ya unyevu. Dagaa mbichi wana maji mengi, mara nyingi karibu robo tatu ya uzito wao au zaidi. Unataka wabaki na asilimia 15 au pungufu ili ukungu usipate nafasi. Kanuni ni hii: uzito wa mwanzo, mara mia kutoa asilimia ya maji ya mwanzo, gawa kwa mia kutoa asilimia unayotaka. Kilo 10 zenye maji asilimia 75 zikifika asilimia 15 zitakuwa 10 × 25 ÷ 85, yaani kilo 2.94. Mzani ukisoma kilo 3.5 bado hawajakauka, hata kama ngozi inang'aa na kulia kama karatasi.

Lakini asilimia 75 usiichukue kama amri. Pima ya dagaa wako. Katakata gramu 100 za dagaa mbichi, watandaze kwenye sahani ya bati juu ya sufuria yenye mchanga, moto wa mkaa mdogo kabisa, na upime kila nusu saa mpaka uzito usimame mara mbili mfululizo. Ukisikia harufu ya kuungua, tupa na kuanza upya, kwa sababu sasa yanatoka mafuta, na mafuta si maji. Iwapo unaweza kupata oveni ya maabara ya chuo au ya watafiti wa samaki mjini, tumia hiyo na uachane na mkaa.

Kuna mambo manne ya kulinda. Kwanza, usilinganishe kichanja cha leo na mchanga wa jana. Wingu moja linatosha kuharibu ushahidi wote. Pili, badilisha nafasi za mafungu kila siku, maana lililo karibu na maji hupata upepo na lililo karibu na mwembe hupata kivuli. Tatu, pima jioni dagaa wasiokauka wanapoingizwa ndani, upime tena alfajiri. Usiku hurudisha unyevu, na ghala lenye joto linaweza kuwa adui kuliko ufuo. Nne, walioliwa na kuku, kunguru na paka nao ni hasara, na siku ya mvua ni siku ya kupima kuliko zote. Wengi hufunga daftari mvua ikianza. Wewe ulifungue.

Andika pia muda: dagaa waligeuzwa mara ngapi, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, na nani. Kichanja kinachookoa saa mbili za kuinama kina thamani hata kama dagaa wamekauka kwa muda uleule.

Hatua ya 4: Chora kwa fito na kamba

Kompyuta isubiri. Simika fito, funga kamba, mwache mama apite kati yake akiwa na beseni kichwani. Njia kati ya vichanja isipungue sentimita 80. Wengine wana mtoto mgongoni. Urefu wa kwenda juu usitoke kitabuni: pima kutoka chini hadi kiunoni kwa wanawake kumi, na mara nyingi utaangukia kati ya sentimita 80 na 100. Upana uwe mita 1.2, ili kila upande mkono ufike katikati. Kwa urefu wa mita 6 unapata mita za mraba 7.2, karibu kilo 29 za dagaa mbichi kwa kila mwaniko.

Wavu uwe wa nailoni wenye matundu madogo, usiopitisha dagaa wakishanywea. Wavu wa kuku haufai kabisa: matundu ni makubwa, unashika kutu, na kutu huwagandisha dagaa na kuwachafua. Funga fito ya kukingama chini ya wavu kila sentimita 60. Bila hiyo wavu hulegea, dagaa hujikusanya katikati na kuvunda hapo. Weka turubai lililokunjwa upande mmoja wa kichanja, si stoo. Mvua ya Kigoma haisubiri mtu akafungue kufuli.

Hatua ya 5: Sheria, maji na miti

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kwa hiyo usimwage zege. Ziwa nalo limeshatoa onyo lake: katika miaka ya kuanzia 2020 maji yalipanda na kufunika sehemu za fukwe ambazo watu walizizoea. Sanifu kichanja kinachofunguliwa kwa spana moja na kubebwa na watu wanne. Tumia bolti na nati za ukubwa mmoja tu. Misumari ikishang'olewa mara mbili mbao imekwisha.

Nguzo ziwe za mikaratusi iliyopandwa, si miti ya miombo. Dhidi ya mchwa, choma ncha za chini hadi ziwe nyeusi na uzisimamishe juu ya mawe. Oili chafu ya magari usiipake. Inafika kwenye samaki, inafika ziwani, na maji hayo ndiyo yanayonywewa.

Hatua ya 6: Piga hesabu ya mwenye kichanja

Tuseme, kwa mfano tu, kichanja kimegharimu shilingi 180,000 na dagaa wasio na mchanga wanauzwa shilingi 1,000 zaidi kwa kilo. Zinahitajika kilo 180 za dagaa wakavu kurudisha fedha. Kilo 29 mbichi zikikauka hubaki kama kilo 8.5, hivyo ni mianiko 22. Weka bei za kweli za wiki hiyo na urudie hesabu pamoja na wenyewe, kwa sauti.

Kabla ya hapo zungumza na wanunuzi. Mfanyabiashara anayechanganya dagaa wa mchangani na wa kichanja katika gunia moja hatalipa zaidi, na hesabu yote inaanguka. Hapo kitu cha kusanifu kwanza huenda kikawa gunia lenye alama na makubaliano ya bei, kichanja kikafuata. Mbunifu asiyekubali kubadilisha kazi aliyoijia atajenga kitu kizuri kisicho na soko.

Uliza pia vichanja vitakuwa vya nani. Vikimilikiwa na watu watatu, wataanza kukodisha, na dada wa kibarua atasukumwa kwenye kipande cha mchanga kilichobaki. Zamu ziandikwe na kikundi chenyewe kabla bolti ya kwanza haijafungwa. Kadhalika, faida ya kichanja itokane na dagaa wasioharibika, si na kuvua zaidi. Ukiona vifaranga vya dagaa vinaongezeka kwenye mianiko, wapelekee BMU taarifa.

Hatua ya 7: Kabidhi

Acha spana, bolti kumi za akiba, sindano ya kushonea nyavu na mchoro wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili. Fundi wa kwanza wa kichanja awe mtu wa mwaloni, naye ajenge cha pili wewe ukiwa umekaa pembeni. Rudi baada ya giza tatu za mwezi, na tena mvua zikishaanza. Angalia kwanza chini ya kichanja: ukikuta dagaa wameanikwa kwenye kivuli chake, mchangani, nafasi haitoshi siku za wingi. Fungua daftari, rudi Hatua ya 2 na uhesabu upya.